Kazi ya shuruti: barua yenye risasi na pasipoti kwenye droo

Katika miaka ya 1990, wazee wa vijiji vya mashariki mwa Myanmar walizoea kupokea barua fupi kutoka kambi ya jeshi iliyo karibu. Barua inataja siku, mahali na idadi ya watu wanaotakiwa: wapagazi kumi wa kubeba mizigo ya askari, au mtu mmoja kwa kila nyumba aje kulima barabara. Baadhi zilifika na kitu ndani yake: risasi, au kipande cha mkaa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Risasi ni kifo, mkaa ni kijiji kitakachochomwa moto.

Sasa weka barua hiyo kando, utazame droo ya meza ya msimamizi wa kiwanda. Ndani yake zimo pasipoti arobaini zilizobanwa kwa mpira. Wenye pasipoti hizo walisaini mikataba kwa mikono yao, wakapanda ndege wenyewe, na huenda hakuna aliyewahi kuwanyanyulia mkono. Msimamizi ukimuuliza atasema anazihifadhi zisipotee. Lakini anayetaka kurudi kwao huambiwa alipe kwanza gharama za kuletwa, na akitoka getini bila pasipoti, askari wa kwanza atakayekutana naye atamhesabu kuwa mhamiaji haramu.

Yote mawili ni kazi ya shuruti. Tatizo ni kwamba juhudi za kimataifa za kuikomesha, zilizoanza karibu miaka mia moja iliyopita, zilijengwa kwa ajili ya ile barua. Leo watu wengi zaidi wamo kwenye droo.

Neno lenyewe lina maana gani

Tafsiri inayotumika hadi leo imo katika Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliopitishwa mwaka 1930. Kazi ya shuruti ni kazi au huduma yoyote anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu, na ambayo hakujitolea kuifanya kwa hiari yake. Tafsiri hiyo ina miguu miwili, tishio na kukosekana kwa hiari, na mmoja ukikatika haisimami.

Ndiyo maana mshahara mdogo peke yake si kazi ya shuruti. Kufanya kazi usiyoipenda kwa kuwa hujapata nyingine nako si kazi ya shuruti. Huo ni umaskini, na una dawa zake. Mpaka unavukwa pale mtu anapotaka kuondoka na mwingine akawa na namna ya kumzuia.

Neno "adhabu" hapa lina tumbo pana. Limo kofi na kifungo, lakini limo pia lile tishio la kuripotiwa uhamiaji, na ile mishahara ya miezi mitano inayoshikiliwa ili ukiondoka uiache. Hiari nayo si saini tu. Aliyeahidiwa kazi ya hotelini akajikuta ndani ya meli ya uvuvi hakutoa hiari yake kwa meli, na aliyekubali jana kwa moyo mweupe ana haki ya kukataa leo. Kwa kuwa mambo haya hujificha, ILO imewaandalia wakaguzi dalili kumi na moja za kuangalia, zikiwemo kuzuiliwa hati, mtu kutengwa na wenzake, mishahara kushikiliwa, udanganyifu, vitisho, na deni lisilolipika.

Mkataba huohuo uliacha milango mitano wazi: huduma ya jeshi ya lazima, wajibu wa kawaida wa raia, kazi ya mfungwa aliyehukumiwa na mahakama, dharura kama vile mafuriko au vita, na kazi ndogo ndogo za kijamii ambazo wanakijiji wenyewe wameshauriana. Kila mlango una masharti yake, na huko kwenye masharti ndiko ugomvi uliko. Huduma ya jeshi lazima iwe ya kijeshi kwelikweli, kwa hiyo kijana aliyevalishwa magwanda kisha akapelekwa kujenga nyumba au kulima mashamba hayumo. Kwa hoja hiyo wataalamu wa ILO wamekuwa wakiibana Eritrea, ambako huduma ya taifa ya miezi 18 kwa mujibu wa sheria imekuwa ya miaka bila mwisho unaojulikana. Mfungwa naye hapaswi kukodishwa kwa kampuni binafsi kama trekta. Marekani, ambayo katiba yake tangu 1865 inapiga marufuku utumwa na utwana isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai, haijaridhia Mkataba Na. 29 hadi leo.

Mkataba uliotungwa na wenye makoloni

Ukiusoma mkataba wa 1930 ulivyokuwa mwanzo, utakuta jambo la ajabu. Kifungu cha kwanza kinazitaka nchi zikomeshe kazi ya shuruti "katika muda mfupi iwezekanavyo". Vifungu vingi vinavyofuata vinaeleza namna ya kuitumia kabla haijakomeshwa: wachukuliwe wanaume tu, wenye umri wa kati ya miaka 18 na 45, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka.

Si ajabu sana ukikumbuka nani walikuwa mezani. Ushirika wa Mataifa ulikuwa umeshapitisha Mkataba wa Utumwa mwaka 1926, na dola zilizotia saini ndizo zilizokuwa zikijenga reli na barabara za makoloni kwa shokoa, yaani kazi ya lazima kwa serikali. Kukataza utumwa wa mtu binafsi kulikuwa rahisi kwao, kwa sababu hakukuwagharimu kitu. Shokoa ya serikali ilikuwa habari nyingine, wakaipa muda. Ufaransa ilikuja kuifuta katika makoloni yake mwaka 1946. Vile vifungu vya siku 60 vilibaki kwenye karatasi za mkataba mpaka 2014, vilipofutwa rasmi.

Mwaka 1957 ukaja Mkataba Na. 105, nao ulikuwa na macho yake. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepita, kambi za kazi za Kisovieti zilikuwa zimejadiliwa katika Umoja wa Mataifa, na mataifa mapya yalikuwa yanazaliwa. Mkataba huu unakataza kazi ya shuruti kwa sababu tano: kumwadhibu mtu kwa maoni yake ya kisiasa, kukusanya nguvukazi kwa ajili ya maendeleo ya uchumi, kutia nidhamu ya kazi, kuadhibu waliogoma, na kubagua kwa misingi ya rangi, hali ya kijamii, taifa au dini. Sababu ya pili iliwaudhi viongozi wengi wa nchi changa waliotaka vijana wajenge taifa kwa lazima. Singapore na Malaysia ziliuridhia kisha zikajitoa.

Kila mmoja wa mikataba hiyo miwili umeridhiwa na zaidi ya nchi 175. China iliiridhia yote miwili mwaka 2022, wakati shutuma kwamba inawatumikisha kwa shuruti Wauighuri, Waislamu wa jimbo lake la Xinjiang, zimepamba moto. Kuridhia, kama unavyoona, ni jambo moja.

Shirika lisilo na polisi

ILO haina mahakama ya jinai wala askari. Ina utaratibu wa malalamiko, na ina kitu ambacho mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa hayana: kwenye meza yake hawaketi serikali peke yao, bali pia wawakilishi wa waajiri na wa vyama vya wafanyakazi, kila mmoja na kura yake.

Mwaka 1961 Ghana, iliyokuwa huru kwa miaka minne tu, iliishtaki Ureno mbele ya ILO kwa kazi ya shuruti katika makoloni yake ya Angola, Msumbiji na Guinea (leo Guinea-Bissau). Ureno haikukaa kimya. Mwaka huohuo nayo ikaishtaki Liberia kwa kosa lilelile. Lilikuwa jibu la kejeli, lakini tume za uchunguzi ziliundwa kwa kesi zote mbili, na zote mbili zilisababisha sheria kubadilishwa. Njia ikawa imefunguliwa.

Kesi iliyoonyesha urefu na ufupi wa mkono wa ILO ni ile ya Myanmar. Mwaka 1996 wajumbe 25 wa wafanyakazi waliwasilisha malalamiko. Watawala wa kijeshi wakaikatalia tume ruhusa ya kuingia nchini, kwa hiyo ikaenda kuwasikiliza wakimbizi huko Thailand, Bangladesh na India, mmoja baada ya mwingine, huku ikikusanya barua zile za kambini kama vielelezo. Ripoti ilitoka 1998. Mojawapo ya mambo iliyobaini ni kwamba sheria zilizowapa maofisa mamlaka ya kuwatumikisha wanakijiji zilitungwa na Waingereza mwaka 1907. Mkoloni alifunga virago, sheria yake ikabaki kazini.

Juni 2000, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ILO ilitumia Ibara ya 33 ya katiba yake. Ibara hiyo inaruhusu hatua zozote zinazofaa dhidi ya nchi inayokaidi, na safari hii wanachama wote waliombwa wapitie upya uhusiano wao na Myanmar wasije wakawa wanachangia uovu huo. Ukiisoma haraka unaweza kuicheka. Lakini miaka miwili baadaye ILO ilikuwa na ofisa wake Yangon, jiji kubwa la Myanmar, mwaka 2007 ukapatikana utaratibu wa mwananchi kulalamika moja kwa moja bila kuadhibiwa, na mwaka 2012 sheria za 1907 zikafutwa. Ilichukua miaka kumi na sita tangu malalamiko ya kwanza. Mwenye haraka ataiona mingi. Mimi naiona kuwa ndiyo kasi halisi ya chombo kisicho na bunduki.

Deni, mnyapara asiyelala

Wakati dunia inahangaika na majenerali, tatizo lilikuwa linahamia kwingine. Makadirio ya ILO na washirika wake yanasema mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya shuruti. Waliolazimishwa na dola ni milioni 3.9. Milioni 17.3 walinyonywa katika kazi za sekta binafsi: majumbani, viwandani, kwenye ujenzi, mashambani, baharini. Wengine milioni 6.3 walilazimishwa katika biashara ya ngono. Makadirio ya miaka mitano nyuma yalikuwa milioni 24.9, na ongezeko lote lilitoka sekta binafsi. Faida haramu inayopatikana, kwa hesabu ya ILO ya mwaka 2024, ni dola bilioni 236 kwa mwaka, na karibu robo tatu yake hutokana na ngono.

Chukulia mtu anayetaka kazi ya kiwandani ughaibuni. Wakala wa ajira anamtaka alipe ada, wakala mdogo wa kijijini anataka yake, daktari wa vipimo, tiketi, na "chai" ya kuharakisha viza. Jumla inafika mshahara wa miezi kumi na miwili wa hiyo kazi aliyoahidiwa. Hana, kwa hiyo anakopa kwa mtu wa riba na kuweka rehani shamba la baba yake. Anafika, anakuta mshahara ni theluthi mbili ya ulioahidiwa, na nyumba na chakula vinakatwa humohumo. Akitenga nusu ya kinachobaki kulipa deni, atafanya kazi zaidi ya miaka mitatu kabla hajamaliza deni, na hapo riba hatujaihesabu. Akiacha kazi, shamba linakwenda. Kiwanda hakihitaji mlinzi wa kumzuia. Mlinzi yuko kijijini kwao, anakaa na baba yake.

Sheria ya kimataifa ililiona hili mapema kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa Nyongeza wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 uliutaja utumwa wa deni kwa jina. Mwaka 1997 ILO ikasema mawakala wasimtoze mfanyakazi ada, na kanuni iliyozoeleka sasa ni kwamba gharama za kuajiri abebe mwajiri. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 ikashughulikia usafirishaji haramu wa binadamu, na Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011 ukawafikia wafanyakazi wa majumbani, ambao sheria nyingi za kazi zilikuwa zimewaacha mlangoni.

Hatua kubwa zaidi ni Itifaki ya mwaka 2014 iliyoongezwa kwenye ule Mkataba Na. 29. Nchi ya kwanza kuiridhia ilikuwa Niger. Badala ya kuiambia serikali "usiwashurutishe watu", Itifaki inaiambia "zuia, linda, na hakikisha aliyeumia analipwa fidia", hata kama mtu huyo hana kibali cha kuwa nchini. Inataka pia mamlaka ziwe na uwezo wa kutomshtaki kwa makosa aliyoshurutishwa kuyafanya. Sentensi hiyo tutairudia.

Pale mzigo unapozuiwa bandarini

Kama kuna kitu kilichobadilika kweli katika miaka kumi na mitano iliyopita, ni kwamba vita hivi vimehamia kwenye biashara.

Uzbekistan ilikuwa ikifunga shule na kupunguza wahudumu hospitalini kila msimu wa pamba, ili wanafunzi, walimu na wauguzi wakachume kutimiza kiwango kilichopangwa na serikali. Asiyekwenda alipaswa kumlipa wa kumwakilisha. Wanaharakati wa ndani waliandika na kupiga picha kwa gharama kubwa kwao, wenzao wa nje wakaanzisha kampeni, na zaidi ya kampuni 300 za mavazi zikaahidi kutotumia pamba hiyo. ILO ikawa inafuatilia mavuno. Baada ya kiongozi kubadilika mwaka 2016, serikali ikapandisha malipo ya wachumaji, mwaka 2020 ikafuta viwango vya lazima vya pamba, na katika mavuno ya 2021 wachunguzi hawakukuta tena shuruti ya kimfumo. Ususiaji wa kampuni ukaondolewa Machi 2022. Jirani yake Turkmenistan bado hajafika huko.

Marekani ilikuwa na silaha kabatini tangu 1930: kifungu cha 307 cha Sheria ya Ushuru, kinachokataza kuingiza bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya shuruti. Kwa miaka zaidi ya themanini kilikuwa na tundu: kama bidhaa haitoshelezi soko la ndani, iingie tu. Tundu hilo lilizibwa mwaka 2016. Julai 2020, katikati ya janga la Uviko, forodha ilizuia glavu za kampuni tanzu za Top Glove ya Malaysia, mtengenezaji mkubwa kuliko wote duniani. Madeni ya ada za ajira, ambayo wafanyakazi walikuwa wameyalalamikia kwa miaka, yakaanza kulipwa ghafla. Zuio lilipoondolewa Septemba 2021, zaidi ya dola milioni 30 zilikuwa zimerudishwa kwa wafanyakazi. Sijui mkataba gani umewahi kumrudishia mfanyakazi pesa yake kwa kasi hiyo.

Kwa Xinjiang, Marekani ilikwenda mbali zaidi. Sheria iliyoanza kutumika Juni 2022 inachukulia kwamba kila bidhaa inayotoka huko imetokana na kazi ya shuruti, mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi umegeuzwa. Umoja wa Ulaya nao umepitisha katazo lake mwaka 2024, litakaloanza kufanya kazi Desemba 2027, ila huko ni mamlaka zenyewe zitakazopaswa kuthibitisha. Tofauti hiyo inaonekana ya wanasheria, lakini ndiyo itakayoamua makontena mangapi yatazuiwa. Ukitaka kuona sheria isiyo na makali, tazama ile ya Uingereza ya mwaka 2015, inayozitaka kampuni kubwa zitoe taarifa kila mwaka kuhusu hatua walizochukua. Kampuni inaweza kuandika kwamba haijachukua hatua yoyote, ikawa imetii.

Lakini silaha ya biashara ina ubovu wake. Glavu zinavuka mipaka. Mfanyakazi wa ndani havuki na bidhaa yoyote. Tofali linalochomwa na familia yenye deni na kuuzwa mji wa pili halipiti forodhani. Na mzigo uliokataliwa bandari moja huweza kupata mnunuzi bandari nyingine.

Kwa hao, sijaona mbadala wa mkaguzi anayefika. Brazil inaonyesha inawezekana. Tangu 1995 ina vikosi vya ukaguzi vinavyohamahama, mkaguzi wa kazi pamoja na mwendesha mashtaka na polisi, vinavyoingia mashamba ya ndani kabisa bila taarifa. Vimewatoa watu zaidi ya 60,000. Mwajiri aliyekutwa na hatia huingizwa kwenye orodha inayotangazwa hadharani, ambayo Wabrazili wanaiita orodha chafu, na aliyemo hapati mkopo wa kilimo benki. Wenye mashamba wamekwenda mahakamani mara kadhaa kuipinga, na hilo peke yake linakuonyesha inawauma wapi.

Barua na droo chini ya paa moja

Myanmar imerudi palepale. Baada ya mapinduzi ya 2021 ILO iliunda tume nyingine, na Juni 2025 ikaitumia tena Ibara ya 33 dhidi ya nchi hiyohiyo.

Safari hii kuna sura mpya. Kwenye mipaka ya nchi hiyo, na huko Kambodia pia, yamejengwa majumba yenye kuta ndefu ambamo watu hulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba walau watu 120,000 nchini Myanmar na wengine karibu 100,000 nchini Kambodia walikuwa wameshikiliwa humo. Wengi ni vijana waliosoma, wanaojua kompyuta na lugha, walioitikia tangazo la kazi nzuri. Pasipoti zinachukuliwa siku ya kwanza. Anaambiwa ana deni la kuletwa. Asipofikisha kiwango cha pesa alichopangiwa kuiba, anapigwa. Walinzi wana silaha, na katika baadhi ya maeneo wenye silaha hao ni makundi yanayotambuliwa na jeshi.

Anayefanikiwa kutoka hufika kwenye kituo cha mpaka au uwanja wa ndege bila hati, viza yake imekwisha, na jina lake liko kwenye akaunti zilizotumika kuwaibia watu. Ofisa aliye mbele yake ana fomu mbili, ya mtuhumiwa na ya mwathirika. Itifaki ya 2014 inasema achukue ya pili. Sehemu kubwa ya nchi duniani hazijairidhia, na hata katika zilizoiridhia, ofisa huyo kwanza lazima awe ameambiwa kwamba ipo.